Dakika Kumi na Saba za Kuwasha

Ofisi ya Usajili wa Vizazi, Ndoa na Vifo,
Kaunta Namba Moja (ile yenye maua ya plastiki).

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta,
Makao Makuu, ghorofa ya tatu.

YAH: OMBI LA KURUDISHIWA MFUMO ENDESHI WA ZAMANI PAMOJA NA UCHELEWAJI WAKE WOTE

Ndugu Mkuu,

Kichwa cha habari hapo juu kinajitosheleza. Mimi ndiye sijitoshelezi, kwa hiyo naomba univumilie kurasa chache.

Mimi ni karani wa ndoa katika ofisi hii, mwaka wa sita sasa. Wenzangu wananiita Bwana Ndoa, jina ambalo nimelizoea ingawa nyumbani naishi peke yangu. Sijawahi kuyaandikia Makao Makuu barua ya malalamiko. Hata ule mwaka mlipotuletea viti vya ofisi vyenye magurudumu kwenye sakafu iliyoinama, tukawa tunawahudumia wananchi huku mkono mmoja umeshika meza, nilinyamaza. Safari hii nimeshindwa.

Wiki tano zilizopita mlitutumia Fundi, mama mmoja wa miwani minene na maneno machache. Alifika Jumatatu asubuhi, akautoa mfumo endeshi wa zamani kwenye kompyuta zetu tatu, akaweka mpya, akatusainisha karatasi na kuondoka kabla ya chakula cha mchana. Hakuna aliyetuuliza ule wa zamani tulikuwa tunautumiaje. Sasa nitakueleza, ingawa ulipaswa kuuliza wewe.

Ofisi yetu ina kaunta tatu. Ya kwanza ni ya ndoa, nipo mimi. Ya pili ni ya vizazi, yupo mwenzetu tunayemwita Baba Pacha, na ukimtazama usoni utajua jina hilo hakupewa bure, maana hajalala vizuri tangu mwaka juzi. Ya tatu ni ya vifo, na mwenye kaunta hiyo ni mama mmoja ambaye ofisi nzima inamwita Bi Vifo, naye huitika bila kinyongo. Mpangilio huo wa ndoa, vizazi na vifo haukufuata maisha ya binadamu. Ulifuata soketi za umeme.

Kompyuta hizo tatu zilikuwa zinachukua dakika kumi na saba kuwaka. Kwanza feni ilipiga kelele, kisha skrini ikabaki nyeusi muda wa kutosha mtu kuingiwa na wasiwasi, kisha ukaja ule mstari wa buluu unaotambaa, unasimama, unatambaa tena. Mgeni angesema ni ubovu. Sisi tuliita Kuwasha, na ndiyo iliyokuwa inaiendesha ofisi hii.

Kuwasha ilikuwa na utaratibu wake. Dakika tatu za mwanzo ni salamu, na salamu zetu hazikuwa za kupita. Kuanzia ya nne hadi ya nane ni habari za nyumbani: nani anaumwa, nani amepata kazi, mkwe gani ametia mguu. Matangazo ya ofisi yalitolewa humo humo. Ya tisa Baba Pacha alitoka kufuata chai, hakurudi mpaka ya kumi na tano. Wananchi waliowahi kufika walikaa kwenye benchi na kuchangia. Mimi na Baba Pacha tuligombania dirisha miezi minne, yeye anataka lifunguliwe, mimi lifungwe, tukafikia hatua ya kuandikiana vikaratasi. Akaja bibi mmoja kuandikisha mjukuu wake, akatusikiliza, akatupatanisha kabla skrini haijaleta picha. Dirisha likabaki nusu. Mpaka leo liko nusu.

Sasa, nisije nikaonekana mtu wa kukataa maendeleo kwa sababu ya umri, naomba kwanza niseme haki ya huo mfumo mpya, maana haki yake ipo.

Ni mwepesi, hilo halina ubishi. Cheti kilichokuwa kinachukua asubuhi nzima sasa kinatoka dakika nne. Foleni iliyokuwa inafika hadi kwa fundi viatu wa nje imekwisha, na fundi viatu amenuna. Tena ule wa zamani ulikuwa umeshaachwa na waliouunda. Fundi alinieleza kwamba haukuwa ukiletewa kinga tena, ukawa unaugua kila ugonjwa unaopita. Ni kweli. Mwaka jana mtu wa kuuza kalenda aliomba kutuonyesha picha zake, akachomeka flashi, na folda zote za vizazi za mwaka mzima zikatoweka machoni. Kwa siku tatu, kwa mujibu wa kumbukumbu zetu, mji huu haukuwa umezaa mtoto hata mmoja. Mfumo mpya hauchezewi hivyo. Pia saa yake ni sahihi, wakati ile ya zamani kila umeme ukikatika ilirudi nyuma miaka kadhaa, na nimewahi kutoa cheti cha ndoa cha tarehe ambayo bwana harusi alikuwa darasa la tatu.

Hizo ndizo faida. Nimezipima kwa moyo mweupe. Sasa hasara, nazo nitazihesabu moja moja ili usiseme sikueleweka.

1. Hatujuliani hali. Mfumo mpya unawaka kwa sekunde kumi na moja. Katika sekunde kumi na moja naweza kuuliza habari za asubuhi na nikajibiwa nzuri. Siwezi kuuliza kama kweli ni nzuri. Wiki ya pili ya mfumo huu Msajili wetu, ambaye ndiye mkuu wa kituo, alikuwa anakuja na macho mekundu. Baba Pacha akamtania mbele ya watu kwamba mzee siku hizi anakesha kwenye starehe. Kumbe mama yake mzazi alikuwa amelazwa siku ya nane, na yeye ndiye anayelala kwenye kiti cha wodini. Siku nane, Ndugu Mkuu! Zamani tungejua siku ya kwanza, kabla mstari wa buluu haujafika katikati. Tuliona aibu ambayo sitaki kuikumbuka.

2. Tumewaozesha watu wasiohusika. Fomu yetu ya cheti cha ndoa ilipangwa kwa aina ya herufi ambayo mfumo mpya hauna. Ulipoikosa haukuuliza mtu, uliweka herufi unazozipenda wenyewe, kubwa kidogo, na kila kitu kikashuka mstari mmoja. Jina la bwana harusi likashuka kwenye nafasi ya shahidi. Jina la shahidi wa kwanza, kwa njia ambayo hata Fundi alipopigiwa simu hakuielewa, likapanda juu. Kwa siku mbili, kabla hatujagundua, nilitoa vyeti kumi na vinne, na katika vyote kumi na vinne bibi harusi ameolewa na shahidi. Tuliwaita warudi. Kumi na wawili walirudi wakicheka. Mmoja alirudi akilia. Na bibi harusi mmoja alikisoma cheti chake, akamtazama shahidi kuanzia viatu mpaka kichwani, akasema, "Hata huyu si mbaya." Bwana harusi hakucheka, na sidhani kama nyumba ile ina amani hadi leo. Printa yetu pana, iliyochapa vyeti zaidi ya elfu nne bila kukosea mstari, mfumo mpya umesema hauitambui. Miaka yote hiyo ya utumishi, leo inaulizwa wewe nani.

3. Mashine ina mdomo. Ile ya zamani ilinyamaza na kufanya kazi yake pole pole kama mtumishi wa umma. Hii inanikaribisha, inanitakia siku njema, inaniambia nje kuna mawingu wakati dirisha liko hapo hapo, inataka kujua nilipo, inataka kujua kama nimeridhika na huduma, inataka nenosiri lenye herufi kubwa, namba na alama, kisha baada ya mwezi inalikataa. Haya ningeyavumilia. Lakini inajiwasha upya ikijisikia. Ijumaa iliyopita nilikuwa nafungisha ndoa, nimefika pale pa kuuliza kama kuna mwenye pingamizi. Skrini ikaandika kwamba kuna masasisho muhimu, tafadhali usizime. Ilipofika asilimia thelathini na nne bwana harusi akasema anakwenda kununua maji. Ilipofika sabini na moja bibi harusi akatoka kumtafuta bwana harusi. Ilipofika mia moja nilikuwa nimebaki na shahidi na keki. Walirudi Jumatatu, safari hii mama wa bibi harusi akiwa amesimama mlangoni na mkoba wake kifuani mpaka tukamaliza. Sasa nauliza: kama mashine hii inajua kuchelewa, kwa nini inachelewa pale tu mtu asipotaka?

4. Wafiwa. Hapa sitanii. Mtu aliyefiwa akija kaunta namba tatu zamani alikuta mashine inawaka, au imekwama inawashwa tena, maana ilikwama mara mbili kwa siku. Bi Vifo alitoka nyuma ya kaunta, akavuta kiti, akakaa naye. Hakusema pole mara kumi kama wasemavyo watu. Alimuuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Basi. Mtu akasimulia, akalia kidogo, mwingine hata akacheka, na mashine ikilia kwamba iko tayari naye amekuwa tayari. Sasa mfiwa anaingia, anataja jina, anataja tarehe, printa inatema karatasi kabla hajakaa. Namwona Bi Vifo akiwa ameshavuta kiti nusu. Juzi mzee mmoja alipokea cheti cha mkewe, akakitazama, akauliza, "Ndiyo imekwisha?" Bi Vifo akamjibu ndiyo baba, imekwisha, maana nyuma yake kulikuwa na mtu tayari.

Naijua kazi ya kile kiti kwa sababu nimekikalia. Miaka tisa iliyopita, nikiwa karani wa kituo kingine, nilikuja ofisi hii kama mwananchi kuandikisha kifo cha mke wangu. Mashine ilikuwa inawaka. Bi Vifo, ambaye sikuwa namjua, aliniuliza mke wangu alikuwa mtu wa namna gani. Nilizungumza dakika kumi na saba. Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza wiki nzima. Miaka mitatu baadaye niliomba uhamisho kuja hapa. Kwenye fomu, sehemu ya sababu, niliandika hali ya hewa.

5. Aya hii naomba isisomwe kwa sauti huko ghorofa ya tatu, na ibaki siri kati yangu na wewe.

Ndugu Mkuu, nataka kumwoa Bi Vifo. Ni mjane wa siku nyingi, watoto wake wanajitegemea, nami nina nyumba yenye vyumba vitatu na sauti moja. Kila siku ya kazi kwa miaka sita, Baba Pacha akishatoka kufuata chai, nimekuwa nikijipanga kumwambia. Dakika ya tisa naanza mbali, kwa mvua. Ya kumi na moja nafika kwenye upweke kwa jumla, kama vile nausoma gazetini. Ya kumi na nne nafika mlangoni kabisa. Nakohoa. Ya kumi na tano Baba Pacha anaingia na chai, ya kumi na saba mashine inalia, na mimi nauambia moyo wangu, si kitu, kesho mashine itawashwa tena. Kesho ilikuwepo kila siku. Dada yangu hunipigia simu akiniuliza, "Wewe unayewaandikisha wenzako, wewe nani atakuandikisha?" Namjibu kwamba suala liko kwenye mchakato.

Sasa Bi Vifo anastaafu mwisho wa mwaka huu. Nimehesabu kwenye kalenda ya ukutani: zimebaki siku za kazi sitini na moja. Kwa mfumo wa zamani ningekuwa na dakika elfu moja na thelathini na saba, na katika hizo naamini ningepata moja ya ujasiri. Kwa mfumo wako mpya nina dakika kumi na moja na sekunde kumi na moja, tena zimekatwa vipande vipande vya sekunde kumi na moja kila asubuhi, na Baba Pacha akiwa katikati, maana hakuna tena muda wa kutoka kwenda kufuata chochote. Naogopa, Ndugu Mkuu. Siku ya mwisho watamkatia keki, Msajili atatoa hotuba, nitapiga makofi pamoja na wengine, kisha atachukua kikombe chake na kwenda.

6. Nimejaribu kujisaidia nikashindwa. Nilipiga hesabu kwamba nikiizima na kuiwasha kompyuta yangu mara tisini na tatu mfululizo nitapata dakika kumi na saba zangu. Jumatano nilianza. Kila ikitaka kumaliza kuwaka naizima. Mara ya tatu ikaandika kwamba imeshindwa kuanza vizuri na sasa inajirekebisha yenyewe, tafadhali subiri. Baba Pacha akaona hapo pana nafasi ya chai, akatoka. Bi Vifo akajisukuma na kiti chake hadi kwangu kuja kuona kuna nini. Dakika ishirini na sita! Hata zamani sikuwahi kupewa ishirini na sita. Ishirini za mwanzo nilizitumia kumweleza tatizo la kompyuta. Ya ishirini na mbili nikasema, "Bi Vifo, kuna jambo." Akaweka kalamu chini. Nikatafuta neno, nikalitafuta tena, nikalipata, nikavuta pumzi, mashine ikalia na kuandika karibu tena. Nami nikaigeukia, nikaweka nenosiri. Miaka sita mashine imenifundisha kwamba ikilia naacha ninachosema. Nilipogeuka Bi Vifo alikuwa ameshajisukuma kurudi kwake, kalamu mkononi, na hakuniangalia mpaka saa kumi.

Kutokana na maelezo hayo, ninayo maombi matatu, kutoka dogo hadi kubwa.

La kwanza: turudishiwe mfumo endeshi wa zamani kwenye kompyuta zote tatu, pamoja na virusi vyake ikibidi. Tutawazuia watu wa kalenda mlangoni.

La pili: ikiwa hilo haliwezekani kitaalamu, basi kitengo chako kiufundishe huu mpya kuchelewa. Sitaki makuu. Dakika kumi na saba asubuhi, na nyingine kumi na saba kwenye kaunta ya vifo kila anapoingia mtu mwenye cheti cha hospitali mkononi. Mkishindwa kabisa, iwe walau dakika kumi na nne, nami nitajifunza kusema haraka.

La tatu ni la kinidhamu. Fundi, nilipombana kwenye simu, alikiri kwamba mabadiliko haya hayakuanzia Makao Makuu. Alisema ombi lilitoka humu humu ofisini kwetu, limeandikwa vizuri, nakala tatu, likafuatiliwa kwa simu mara nne. Akagoma kunitajia jina. Ninamshuku Baba Pacha, mtu wa kupenda vitu vinavyowahi tangu apate wale watoto, lakini simtaji kwa kuwa sina ushahidi. Naomba mtu huyo atafutwe, na akipatikana ahamishwe mara moja apelekwe kituo cha mbali kuliko vyote mlivyonavyo, kile ambacho hata umeme wake ni wa kubahatisha, akaonje mwenyewe. Asionewe huruma kwa umri wala kwa utumishi wake wa muda mrefu. Mtu aliyeona wenzake wanakaa pamoja dakika kumi na saba kila asubuhi, akaamua kuwakatia, huyo hana moyo.

Nisalimie watumishi wote wa ghorofa ya tatu, na yule dada wa mapokezi ambaye huwa anatuambia mko kwenye mkutano. Mwambie Fundi hatuna ugomvi naye, alifanya alichotumwa. Msajili anakusalimu, mama yake ametolewa hospitali na sasa anakula mwenyewe. Baba Pacha naye anasalimu, ingawa hajui kama naandika.

Nikingoja jibu lako huku siku zikihesabika, mimi ni wako katika utumishi na katika uzito wa moyo,

Karani wa Ndoa, Kaunta Namba Moja.

NYONGEZA (kwa mkono, siku mbili baadaye, barua ikiwa bado kwenye trei inangoja gari la posta).

Ndugu Mkuu, unajua utaratibu: barua yoyote inayotoka lazima isomwe na mtunza barua, aifupishe kwa mstari mmoja kwenye rejista na kuipa namba. Mtunza barua wetu amekwenda likizo ya uzazi. Kazi yake imekabidhiwa tangu Jumatatu kwa mtu mwingine, na jambo hilo lilitangazwa asubuhi. Zamani ningelisikia kwenye Kuwasha. Sasa lilitangazwa katika zile sekunde kumi na moja, mimi nikiwa natafuta alama ya mshangao kwenye kibodi kwa ajili ya nenosiri. Nikaiweka barua kwenye trei nikaenda zangu kula.

Niliporudi nilimkuta Bi Vifo amesimama, kurasa zote mkononi, amefika aya ya tano. Nilitaka kutoka. Kiti changu kikawahi kuteleza nikabaki nimeshika meza. Alisoma mpaka mwisho bila kukaa. Alikosoa tahajia mahali pawili kwa kalamu nyekundu, utapaona. Kisha akasema, "Aliyeomba ni mimi. Nakala tatu, nimeandika kwa mkono wangu."

Nikauliza kwa nini. Akasema ni kwa sababu alikuwa ananiona. Kila asubuhi, miaka sita, nikishafika karibu na neno naitupia macho skrini kuiomba iniokoe, na kila asubuhi inaniokoa. "Siku ile ya mkeo mashine ilikuwa nzito, nikashukuru," alisema. "Lakini hii miaka sita yote, Bwana Ndoa, mzito ni wewe. Nikaona nikiondoa pa kujificha labda utasema. Kumbe ukaenda kumwandikia mkuu wa kompyuta." Kuhusu wafiwa akasema nina haki, naye limemkaa moyoni, na kuanzia siku hiyo cheti hakitoki kaunta ya tatu kabla mtu hajakaa, mashine ipende isipende. Kiti anakivuta yeye. Kisha akaikunja barua akasema, "Haya. Sema sasa."

Nikasema. Baba Pacha alikuwa amekaa pale pale katikati, alisikia kila neno, hakwenda kufuata chai.

Kwenye rejista, safu ya yahusu, Bi Vifo ameandika: malalamiko ya kompyuta. Safu ya hatua iliyochukuliwa ameandika: yamejibiwa hapa hapa. Lakini barua ikishapewa namba hairudi, ndiyo maana imekufikia. Naomba usiifanyie kazi. Mfumo mpya uacheni ulivyo, mrekebishe tu zile herufi, maana sasa cheti hicho kinanihusu mimi na sitaki kuona jina la Baba Pacha mahali pangu. Hasa hasa lile ombi la tatu, la kumhamisha aliyehusika, naliondoa kwa magoti. Na kama amri imeshasainiwa na haizuiliki, basi mtenge nyumba ya watu wawili.

Jana asubuhi tuliandikisha nia ya kuoana. Msajili alinitoa kwenye kaunta yangu kwa kuwa sheria hainiruhusu kujiandikisha mwenyewe, akakaa yeye. Ilichukua dakika sita, nami nikaona anavuta vuta muda. Tangazo letu limebandikwa ubaoni, na sheria inataka likae hapo siku ishirini na moja ili mwenye pingamizi ajitokeze. Nimemuuliza Fundi kwa simu kama kuna toleo jipya zaidi linaloweza kuzipunguza. Amejibu kwamba hilo si la kompyuta. Naomba Makao Makuu yalitazame upya, kwa haraka, kwa sababu siku ishirini na moja ni nyingi mno kwa ofisi yenye mashine za kisasa.